Geti la Mabela

Mabela, Maskati, Jumatano, 15 Oktoba 2025

Kwa Bibi Balqis bint Suud, mtangazaji wa kipindi cha "Pumzi"

Assalaamu alaykum.

Mimi ni Marhoon, mstaafu wa serikali, mtu wa Mabela. Hunijui, na mimi sikujui ila kwa sauti. Barua hii nnaiandika kwa mkono na nitaileta mwenyewe hapo mapokezi kwenu Qurum, maana mambo ya simu yana masikio mengi.

Nikwambie kweli, kipindi chako sikipendi. Saa nzima ya alasiri maji yanachuruzika, mtu anagusa nyuzi za udi mara moja kisha anakwenda kunywa chai, halafu unakuja wewe unatwambia "vuteni pumzi", kana kwamba tulikuwa tumesahau kuivuta. Nnakiskiza kwa sababu moja tu. Redio ya gari yangu ilifunguliwa kituo hicho na watu wa nyumbani kwangu, na mimi sijaigusa.

Jana saa kumi na nusu nilikuwa Al Khuwair, nimekwama kwenye foleni, natoka kwa daktari wa macho. Ukasema sasa ni "Dakika ya Nyumbani", sauti ya dakika moja ambayo msikilizaji kairikodi ndani ya nyumba yake. Nikasikia mchele unachambuliwa kwenye sinia. Nikasikia bangili. Nikasikia sinia linagongwa ukingoni mara tatu. Na mwanamke anaimba kwa kufumba mdomo, bila ya maneno. Kisha nikasikia geti la nyumba yangu.

Geti hilo nnalijua. Gurudumu lake limelika, linalia kwa sauti mbili, nyembamba kisha nene, halafu linagonga ukuta. Miaka tisa nnakataa kulitengeneza kwa sababu nikilisikia nnajua nimefika kwangu. Basi nimekaa garini Al Khuwair, na geti langu linafunguka ndani ya redio.

Sauti ile ni ya mke wangu. Mwanamke ambaye hakupata kupigwa picha hata siku ya harusi yake, muuza samaki mwenyewe humsikia kwa nyuma ya mlango, wewe umemtia katika kila gari la Maskati. Nnataka mambo mawili: jina la aliyekupa, na ahadi yako kwa maandishi kwamba hutairusha tena. Nnakupa siku saba. Zikipita, malalamiko yangu yatafika wizarani, na wizarani wananijua.

Na huyo aliyeitoa sauti ndani ya nyumba yangu, awe awaye, hatoingia tena ndani yake.

Wassalaam,
Marhoon bin Murshid


Qurum, Alkhamisi, 16 Oktoba 2025

Nantongo mpenzi,

Soma hii ukiwa peke yako. Je, mzee wa nyumba unayofanyia kazi anaitwa Marhoon? Nimeipiga picha barua yake na kuiambatisha hapa. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa.

Uliponitumia sauti ile uliniambia ni ya mama wa nyumba, kwamba alikuwa akikupenda, na kwamba amefariki mwezi wa sita. Ilikuwa dakika kumi na moja, mimi nikakata moja. Nilichagua pale anapoimba, geti linalia, naye ananyamaza. Niliona ni mwisho mzuri uliojileta wenyewe. Sikujiuliza kwa nini amenyamaza.

Nieleze kila kitu. Nani alirikodi, na mama mwenyewe alijua? Na nani mwingine anaishi humo ndani? Jina lako sijampa mtu, wala sitampa.

Balqis


Mabela, Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Dada Balqis,

Ndiyo, ni yeye, Baba wa nyumba hii. Nimesoma mara tatu bafuni, mlango nimefunga.

Nilirekodi mimi, mwezi wa pili, na Mama Zakiya alijua. Yeye ndiye aliniambia nirekodi. Ule wimbo ni wa kwetu Masaka, mama yangu alikuwa anatuimbia tukichambua maharagwe. Mama Zakiya alinisikia nikiuimba jikoni, akataka nimfundishe. Maneno ya Kiganda yalimshinda, akachukua sauti tu. Siku hiyo akasema, "Mpelekee mama yako, asikie kama nimeshika." Nikampelekea. Mama yangu akajibu ameshika vizuri, lakini mwisho bado. Mama Zakiya alicheka sana, akasema tutarekodi tena siku Baba akisafiri. Baba hakusafiri.

Alipokufa nilikuwa nasikiliza kipindi chako kila siku jikoni, kwa sababu yeye alikuwa anakipenda. Wewe ulisema kwa redio, leteni sauti za nyumbani, bila maneno, bila majina. Nikafikiri kama hakuna maneno hakuna mtu. Nilitaka tu isikike mahali, Dada, isibaki kwa simu yangu peke yake. Ndiyo makosa yangu.

Kwa nyumba tuko mimi na Baba tu. Madam Buthaina, binti yake, anakuja kila Ijumaa kula. Baba si mtu mbaya. Hajawahi kunipiga, hajawahi kuninyima chakula. Lakini akisema neno amesema, khalas. Mkataba wangu umebaki miezi saba. Mdogo wangu Nambi yuko mwaka wa mwisho wa unesi, mimi ndiye namsomesha. Nikifukuzwa leo, yeye anatoka shuleni kesho, na mimi narudi nyumbani na jina la mtu aliyetoa siri ya nyumba. Tafadhali, Dada. Tafadhali.

Nantongo


Qurum, Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Ami Marhoon,

Wa alaykum salaam. Barua yako imenifikia, na msichana wa mapokezi amenisimulia ulivyokataa kiti na ukakataa kahawa. Naumia kwamba nimekukosea.

Sauti za kipindi huja kwa simu ya kituo, na hatuandiki jina la mtu. Hiyo nayo ilikuja hivyo hivyo, kwa hiyo sijui imetoka nyumba gani. Pengine Ami umefananisha. Mageti mengi ya Mabela yametengenezwa na mafundi hao hao, na mchele unachambuliwa kila nyumba.

Hata hivyo, kwa maandishi haya naahidi haitarushwa tena. Nakuomba yaishie hapa. Kipindi hiki nimekilea miaka sita, na mkuu wetu, Azzam, anatafuta sababu ndogo tu ya kukiondoa aweke nyimbo za kuchezesha watu. Malalamiko yako yatakuwa hiyo sababu.

Nakutaka radhi wewe, na namuombea Bi Zakiya pepo.

Binti yako,
Balqis


Mabela, Jumanne, 21 Oktoba 2025

Bibi Balqis,

Nimekaa serikalini miaka thalathini na moja nikisoma barua za watu wanaoficha jambo. Yako nimeisoma nikaona haya kwa niaba yako.

Mimi sikukuandikia popote kwamba amefariki. Na jina lake sikulitaja. Mtu wa umri wangu hamtaji mkewe kwa jina mbele ya asiyemjua. Miaka arubaini na mbili mimi nasema "watu wa nyumbani", na ukitazama barua yangu ndivyo nilivyosema. Wewe jina umelipata wapi? Umelipata kwa mtu anayeingia nyumbani kwangu.

Wanaoingia ni wawili. Mmoja mtumishi, msichana wa Kiganda, mbele yangu hata macho hayanyanyui, sidhani kama anajua kuna kipindi chako duniani. Wa pili ni binti yangu Buthaina, ambaye simu haimtoki mkononi hata akisukuma chapati. Hesabu hiyo haihitaji mwanachuoni. Ijumaa atakuja kula, na nitamuuliza.

Nnaitaka na sauti nzima. Ile dakika imekatwa katika kitu kirefu, hata mimi nimesikia mahali pa mkasi.

Na jambo moja linanishughulisha, basi nikwambie wewe kwa kuwa sina wa kumwambia. Mke wangu hakuwa mtu wa kuimba. Bangili ni zake, sinia ni lake, kugonga mara tatu ni kwake. Koo ni lake, nimelijua pale pale. Lakini kuimba, miaka yote ile, mimi sikumsikia hata siku moja.

Marhoon


Mabela, Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Dada Balqis,

Jana imekuwa siku mbaya kuliko ile ya msiba.

Madam Buthaina alikuja na biriani yake kama kila Ijumaa. Baba hakugusa. Akamwambia, "Simu yako iweke hapo mezani." Madam akacheka, alifikiri ni utani. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji, sikujua niliweke wapi.

Baba akasema, "Umeitoa sauti ya mama yako kwa watu."

Madam akasema, "Sauti gani, baba? Wallahi mimi sina sauti ya mama hata moja. Nimetafuta simu nzima, kila ujumbe wake ni wa maandishi. Ningekuwa nayo, ningelala nayo sikioni."

"Mtu kalitaja jina lake. Watu wa nyumba hii ni mimi na wewe."

"Na Nantongo."

Nilifikiri nimekufa, Dada. Baba hata hakugeuka kunitazama. Akasema, "Mwache msichana wa watu, usimtupie makosa yako." Kisha akamwambia asirudi nyumbani mpaka atakapokumbuka alichokifanya.

Madam alikuja jikoni kuchukua sufuria yake, akaniinamia begani akalia. Ananiuliza, "Nantongo, baba anaumwa? Sauti gani anasema?" Mimi nampangusa machozi na ile sauti anayoitafuta iko kwa simu, kwa mfuko wa aproni yangu. Baba alinitetea na mimi ndiye mwenye makosa. Sijawahi kujichukia hivi.

Nataka kumwambia. Lakini nikifikiria Nambi, mdomo unafunga. Niambie nifanye nini, wewe umesoma, na unawajua watu wenu.

Nantongo


Qurum, Jumapili, 26 Oktoba 2025

Nantongo,

Usimwambie. Nakuomba, futa ile sauti kwenye simu yako leo hii, isije ikaonekana.

Buthaina ni binti yake. Atamkasirikia miezi miwili mitatu, kisha mtu wa nyumbani ataugua au Ramadhani itakaribia, na mambo yatarudi. Wewe huna wa kukurudisha. Utapakiwa ndege kabla hajamaliza kahawa yake. Akina baba kama hawa nawajua, nimelelewa na mmoja.

Na nisikufiche, najitazama na mimi. Azzam ameniita leo. Amesikia kuna mzee alikuja mapokezi na hasira, akaniuliza kama kuna kitu anachopaswa kukijua. Nimemwambia hakuna. Sasa na mimi nimo ndani ya uongo huu mpaka shingoni.

Vumilia kidogo, tafadhali.

Balqis


Mabela, Jumanne, 28 Oktoba 2025

Bibi Balqis,

Siku saba zimepita na zaidi, na malalamiko yangu yapo hapa mezani, nimeyatia sahihi. Sijayapeleka. Nikwambie kwa nini.

Binti yangu kaapa, na mimi namjua akisema uongo tangu ana miaka minne. Hakusema uongo. Kwa hiyo nimekaa peke yangu siku nne, nyumba kimya, na kichwani mwangu hamna kitu ila ile dakika. Niliisikia mara moja tu na nnaikumbuka yote. Anaimba. Geti linalia. Ananyamaza.

Muda wote nilikuwa nikitafuta mwizi, hapo sikupatazama. Wimbo ulikuwa haujesha. Kaukata katikati, kama mtu aliyeingiliwa. Na geti lile, mwenye rimoti yake ni mimi peke yangu. Aliyekuwa akiingia ni mimi.

Sitaki tena jina. Nnakuuliza swali moja, na ukinijibu kwa kweli karatasi hii nitaichana. Unayo sauti nzima, hilo nnalijua. Baada ya pale, nilipokwisha kuingia ndani, aliendelea?

Marhoon


Qurum, Jumanne, 28 Oktoba 2025, jioni

Nantongo,

Soma alichoniandikia, nimekuambatishia. Halafu nisaidie.

Nimeisikiliza tena yote, dakika kumi na moja. Wewe unajua kilichomo. Baada ya geti zimebaki karibu dakika saba, na haimbi tena.

Nimekaa na kalamu tangu saa tisa. Nataka kumwandikia kwamba ndiyo, aliendelea, aliimba mpaka mwisho na wewe Ami umo ndani ya nyumba. Neno moja tu. Atachana karatasi, Buthaina atarudi, wewe utabaki, kipindi changu kitabaki. Naye atalala kwa raha. Sioni nani ataumia.

Lakini kila nikianza kuliandika naona naandika kitu kichafu. Nitasubiri jibu lako mpaka Ijumaa. Usiponijibu, nitaandika ndiyo.

Balqis


Mabela, Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Dada Balqis,

Usimjibu. Nimemjibu mimi.

Sikuifuta ile sauti. Nilijaribu, kidole kikakataa. Leo Ijumaa Madam hakuja, ni mara ya kwanza tangu mimi nifike Oman. Baba alirudi kutoka msikitini, akakaa mezani na sahani moja, akanitazama namwekea wali, akasema tu, "Ahsante." Hiyo ahsante ndiyo ilinimaliza. Nikatoa simu nikaiweka kando ya sahani yake. Nikasema, "Baba, ni mimi. Madam hana makosa. Ni Mama aliniambia nirekodi, lakini kupeleka redio ni mimi."

Akaichukua. Alikuja nayo jikoni, akakaa kwenye stuli ya Mama, akasikiliza yote. Mimi nilisimama kwa sinki. Mama akaimba. Geti likalia. Sinia likawekwa chini. Kisha sauti yake yeye mwenyewe, "Assalaamu alaykum. Chakula tayari?" Na Mama, "Tayari." Halafu ni vijiko na sahani na maji ya bomba, dakika na dakika, hakuna anayesema. Mwisho kabisa Mama ananinong'oneza, "Zima, mwanangu."

Baba akauliza, "Alikuwa akiimba kila siku?"

Nikasema, "Ukitoka, Baba."

"Akiniogopa?"

"Hapana, Baba. Alisema wewe unapenda nyumba iwe kimya."

"Nani kamwambia?"

Nikasema sijui. Akauliza tena, "Na wewe? Wewe unaimba?"

Nikasema ndiyo, na mimi ni ukitoka. Na geti likilia na mimi nanyamaza. Mama alinifundisha hivyo wiki ya kwanza, kama alivyonifundisha kukunja shuka.

Nikamwekea chai, akaiacha. Kisha akasimama, akachukua chaja yangu iliyokuwa ukutani, akasema, "Kesho saa mbili asubuhi uwe umevaa. Tunatoka. Simu nitakaa nayo." Nimemwomba dakika tano kuaga watu wa nyumbani, akanipa, yuko sebuleni anasubiri. Nimekuandikia wewe badala ya mama yangu. Pasipoti yangu nimeiona mezani kwake, juu ya karatasi.

Begi nimefunga. Nimeacha nguo ambazo Mama alininunulia, sikutaka ionekane naiba. Mwambie Nambi kama utaweza, namba yake hii hapa chini. Sijutii, Dada. Naogopa sana, lakini sijutii.

Nantongo


Qurum, Jumamosi, 1 Novemba 2025

Nantongo, uko wapi? Nimepiga mara kumi na nne. Ukipata tu nafasi, hata nukta moja, nitumie.

Balqis


Qurum, Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nantongo, naona ujumbe umesomwa, na hujibu. Kama uko uwanja wa ndege niambie nije, dakika ishirini nitakuwa hapo. Kama umefika Masaka niambie pia. Nilikwambia ufute na nilikwambia umwache Buthaina abebe. Nilikuwa najitetea mimi. Nisamehe.

Leo sikurusha "Dakika ya Nyumbani". Niliacha dakika nzima bila kitu, Azzam akadhani mitambo imeharibika.

Balqis


Mabela, Jumatano, 5 Novemba 2025

Bibi Balqis,

Aliyesoma ni mimi. Simu ya Nantongo ilikuwa kwangu tangu Ijumaa, na barua zako nimezisoma zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Kusoma barua za mtu ni kosa, na nnalikubali. Sasa tumekoseana sote watatu.

Ulimwambia afute. Nnamshukuru Mola hakukutii. Na ulitaka kuniandikia "ndiyo". Ungeliandika ningelikuamini, kwa kuwa nilikuwa nataka kuamini. Ningelikufa na uongo wako mzuri, na binti yangu yuko mlangoni hajui kwa nini kafukuzwa.

Nimefikiri sana nani kamwambia mke wangu kwamba mimi nataka kimya. Nimepata. Mwaka wa thamanini na tatu, tuna mwezi wa pili tangu kuoana, nimerudi kazini na kichwa kinaniuma, yeye yuko jikoni anaimba. Nikamwambia, "Zakiya, hebu nyamaza kidogo." Nilisema kidogo. Wallahi nilisema kidogo tu. Asubuhi yake mimi nimeshasahau.

Karatasi ya malalamiko nimeichana. Sauti yake usiirushe tena, hilo sibadilishi. Si kwa sababu ya watu. Ni kwa sababu nimeisikia kidogo sana, na nnaitaka iwe ya nyumbani.

Khabari za Nantongo usiniulize mimi, muulize mwenyewe.

Marhoon


Mabela, Jumapili, 9 Novemba 2025

Dada Balqis,

Niko. Nimepata simu yangu Jumatano, lakini sikujua nianzie wapi.

Ile Jumamosi nilipanda gari nimekumbatia begi. Redio ilikuwa imezimwa. Nilipoona ubao wa uwanja wa ndege nikaanza kuomba kwa Kiganda, kwa sauti, sikuweza kujizuia. Baba akauliza unasema nini. Nikasema naomba, Baba. Akanitazama kwa kioo, akaona begi. Akasema, "Hilo begi la nini?" Na tukapita, Dada. Njia ya uwanja wa ndege tukaiacha nyuma, gari likaendelea mpaka Al Khuwair, kwa Madam Buthaina.

Alitaka shahidi. Alisimama mlangoni kwa binti yake kama mtu anayekuja kuposa, akasema, "Nantongo, mwambie." Nikamwambia. Madam akanitazama kwa hasira ya kweli, mpaka leo haijaisha yote, na ana haki. Lakini Baba alipompa simu asikilize, alikaa chini sakafuni pale pale mlangoni. Baba akakaa naye. Sijawahi kumwona Baba amekaa sakafuni. Mimi nilishuka chini nikasubiri kwa gari. Jumatano wamenirudishia simu, na ile sauti sasa wanayo wote wawili.

Pasipoti ilikuwa mezani kwa sababu anataka kuongeza mkataba. Ameniuliza kama nataka. Nimesema nitafikiri, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa nikuambie cha leo, ndiyo sababu nimeandika barua hii. Geti halijafunguka tangu Jumatano. Gari linalala nje, juani, majirani wanashangaa. Baba anaingia kwa ule mlango mdogo wa upande, polepole, viatu ameshika mkononi. Anafikiri simsikii. Mtu mzima, ana miaka sabini, anaingia kwake kwa ncha za vidole vya miguu.

Leo mchana nilikuwa nachambua mchele, naimba wimbo wetu. Nikasikia kitasa, kisha kikohozi kidogo nyuma ya mlango wa jikoni. Mkono wangu ukasimama, na mdomo karibu usimame nao, kwa sababu umezoea. Nikaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, haiingii, haiondoki.

Nikagonga sinia mara tatu. Nikaanza tena tangu mwanzo, nikauimba mpaka ule mwisho ambao Mama hakuufikia.

Nantongo